Bwana wa Madam wa Kompyuta

Duka la Kompyuta la Mokua,
Nyuma ya stendi ya Keroka,
Nyamira, Kenya.
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa dada yangu Gesare,

Nakusalimu kwa jina la Bwana ambaye amekutunza huko Morogoro miaka yote hii. Presha yako inaendeleaje? Natumaini unameza dawa hata siku unazojisikia mzima, maana nakujua, ukiona nafuu kidogo unazificha kabatini. Shemeji hajambo? Na wanao, bado wanakicheka Kiswahili changu? Waambie mjomba wao anajitahidi, wasome barua hii kwa huruma. Lakini ngoja, usiwape waisome kabla hujaimaliza wewe mwenyewe. Utaona kwa nini.

Sisi huku tu wazima. Mama yuko Nyacheki na amekataa kabisa kuacha kuchuma chai, ingawa goti linamsumbua. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama chai nayo itapumzika. Mwezi wa nane mvua ya mawe ilipiga shamba la upande wa chini, majani yakawa kama yametafunwa na mbuzi, ila sasa yanachipua tena. Ndizi hazikuguswa. Natasha wetu ameng'oka meno ya mbele, kwa hiyo siku hizi anasema "Thabato njema", na wazee wa kanisa wanamfuata makusudi awasalimie.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa ndugu yako mwenye kompyuta nyingi kuliko mtu yeyote hapa stendi. Bosire wa Tabaka anasafirisha vinyago vya mawe hadi Arusha na kuteremka mpaka kwenu, na ameahidi kukupa mkononi. Dada, unalijua lile grupu la ukoo la WhatsApp. Ukikohoa Keroka, shangazi aliye Marekani anakutumia pole. Jambo hili silitaki huko. Nimeliandika kwa Kiswahili kwa sababu nilijaribu kwa Ekegusii, nikaona aibu nikachana karatasi. Kwa lugha ya nyumbani ni kama Mama amesimama nyuma yangu anasoma.

Nisizunguke. Nimekuwa mtu wa wivu, na ninayemwonea wivu ni Persis.

Unakumbuka nilivyoianza saiba hii, duka la intaneti la kompyuta moja na mashine ya fotokopi iliyokuwa ikila karatasi kama ng'ombe. Tulipooana, Persis akaja kukaa upande wa pili wa kaunta. Herufi za kibodi alizijulia hapa kwangu. Baadaye akaenda kusomea cheti Kisii mjini, nami nikambebea mtoto siku za darasa. Wakati huo watu wa Keroka waliniita Daktari, kwani hakuna mashine iliyolala ambayo sikuiamsha. Nilizoea jina hilo. Nililivaa kama koti.

Sasa, mwishoni mwa mwaka juzi alikuja hapa Bi. Ruth, mwalimu mkuu wa shule ya kutwa iliyo huko juu kwenye chai. Alikuja kuchapisha mitihani. Shule yake ilikuwa na kompyuta zilizoletwa zikakaa stoo na maplastiki yake, hakuna wa kuzifundishia. Akakaa kwenye benchi akingoja kazi yake, na akiwa pale akawa anamtazama Persis. Persis alikuwa na mzee mmoja aliyetaka kusoma barua pepe ya mwanawe. Yule mzee alikosea, akakosea tena, kipanya kikimponyoka kama samaki, na Persis hakumnyang'anya. Alikuwa akisema tu, "Rudi pole pole, baba. Sasa bonyeza." Kwao ni Tabaka, na wewe unawajua watu wa huko, wamekua wakisugua vinyago vya mawe kwa maji na msasa. Hawana haraka.

Mzee alipoondoka na furaha yake, Bi. Ruth alisimama. Akapita mbele yangu, mimi niliyekuwa kwenye kaunta, chini ya kibao chenye jina langu, akamwendea Persis moja kwa moja. "Mama, unaweza kunifundishia watoto?"

Persis alinitazama. Nikasema ni jambo jema. Mdomo ndio uliosema.

Akaanza mwezi wa kwanza. Kabla mvua ndefu hazijafika, jina la Daktari lilikuwa limekufa. Siku moja ya soko, mama mmoja muuza parachichi na ndizi alinishika mkono akasema, "Kumbe wewe ndio bwana ya ule Madam wa kompyuta! Ngoja nikupatie ndizi umpelekee." Nikakatiza stendi nzima na mkungu begani, watu wakiniuliza nimenunua wapi, nami nikijiona kama tarishi. Tangu siku hiyo ni hivyo hivyo. Bwana ya Madam, habari? Bwana ya Madam, Madam amefika? Wanafunzi wakimwona barabarani wanavuka kumsalimia. Mimi wananipita.

Jioni ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa akirudi amechoka, chaki mpaka kwenye nyusi, lakini mdomo haumtulii. Leo kidato cha pili wametengeneza mchezo wa paka anayekimbia kwenye skrini. Leo wamejua kuandika barua ya kuomba kazi na kuituma wenyewe. Leo Valentine amefanya hivi, Valentine amesema vile. Huyu Valentine ni msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mtoto wa mchuma chai, na nilimjua kwa habari zake zote kabla sijamwona uso. Nikawa nakula huku nahesabu moyoni: wao, wao, wao.

Utanicheka, lakini nilianza kusoma kwa siri. Mchana, duka likiwa kimya, niliweka simu chini ya kaunta nikatazama masomo ya video ili niwe mbele yake. Nikapata fomula moja ngumu ya kutafuta jibu kutoka kwenye jedwali lingine. Jioni nikamtega: "Hivi unawafundisha majedwali bila kuwaonyesha ile fomula?"

Uso wake ukang'aa, dada. "Hiyo tuliifanya wiki jana! Valentine ameigundua njia fupi. Nikuonyeshe?"

Nikasema nimeshiba.

Dukani pia nikaanza kuuona mkono wa Persis. Zamani watoto wa kidato cha nne na wazazi wao walijaa hapa, huyu anaomba nafasi ya chuo, huyu cheti cha kuzaliwa, na mimi katikati kama padri. Mwaka huu wengi wao hawakuja. Mzee mmoja niliyemfanyia kazi hizo miaka mingi alikuja kulaminisha cheti kwa plastiki tu, nikamuuliza na zile fomu zako? Akajibu kwa kiburi kizuri, "Msichana wangu amenionyesha kwa simu. Amekaa na mimi mpaka nikajua mwenyewe. Wanafundishwa na Madam." Hatulali njaa, kazi ya kuchapisha ipo, kwa hiyo usidhani nalilia tumbo. Nililia ile hali ya mtu kuniangalia machoni akisubiri niseme itawezekana.

Halafu kukawa na Mwalimu Eric Osoro. Huyu anafundisha fizikia shule hiyo hiyo, kijana, ana pikipiki. Mvua ikinyesha alikuwa akimleta Persis mpaka stendi. Persis mwenyewe aliniambia, hakuficha. Lakini Anyona, fundi wa simu wa hapa jirani, alinitania siku moja mbele ya wateja. "Mokua, siku hizi mke wako ana dereva?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lile neno likakaa ndani yangu kama kibanzi chini ya ukucha. Nikaanza kutazama mawingu. Asubuhi kukiwa na jua nilifurahi, adhuhuri yakijikusanya nilikosa raha.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nikuandikie.

Siku moja ya Jumanne, mwanzoni mwa mwezi wa tisa, simu ya duka ililia. Sauti ya mwanamke, Kiswahili cha Nairobi. Akamtaka Mwalimu Persis. Nikasema yuko darasani. Akaeleza kwamba Persis alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo, na amechaguliwa kati ya walimu wengi wa kaunti zetu mbili, Kisii na Nyamira. Wiki mbili Nakuru, kila kitu kimelipiwa, na akirudi atakuwa akiwafundisha walimu wenzake namna ya kufundisha kompyuta. "Mwambie tafadhali tunahitaji jibu kabla ya Ijumaa jioni."

"Nitamwambia."

"Asante. Naongea na nani?"

Dada, nikahamishia simu sikio la pili. Kisha nikasema, "Mimi ni mtu wa duka."

Jioni aliporudi tulikula obokima, ugali wetu wa nyumbani, na mboga ya chinsaga. Alikuwa ameipika kwa maziwa jinsi ninavyoipenda. Akaniuliza, "Kuna mtu amenitafuta leo?"

"Hakuna."

Jumatano akaniuliza tena, akiwa anamsuka Natasha. "Hakuna aliyepiga simu?" Nikasema wateja tu. Akaendelea kusuka. Natasha akalia kwamba amevutwa nywele.

Nilijiambia nitamwambia kesho. Nikajiambia pia kwamba mtoto ni mdogo, wiki mbili ni nyingi, na Nakuru ni mbali. Halafu likaja wazo lililonipendeza kuliko yote: labda na huyo Eric ameomba, labda wanaenda pamoja. Wazo hilo lilinipa nguvu. Ningemkuta na kosa, ukimya wangu ungekuwa haki.

Kwa hiyo Alhamisi nilifunga duka mchana. Nikachukua waya wa kuongezea umeme, ili nikiulizwa niseme nimewaletea, nikapanda ile njia ya chai kwa miguu mpaka shuleni. Sikupitia ofisini. Nikazunguka nyuma ya chumba cha kompyuta, nikasimama penye dirisha lililofunguka nusu.

Stima ilikuwa imepotea. Skrini zote zilikuwa nyeusi, na nilidhani nitakuta darasa limetawanyika. Lakini Persis alikuwa mbele, ameshika kifutio cha ubao sikioni kama simu, na msichana mrefu amesimama katikati ya madawati na kiganja sikioni. Nikajua huyo ndiye Valentine.

"Hallo, ni mama Valentine?" Persis aliigeuza sauti ikawa ya mtu mkubwa wa ofisi. "Mtoto wako ameanguka shuleni, tumemkimbiza hospitali. Nitumie namba yako ya siri haraka daktari aanze kazi."

Valentine akapinda mgongo akawa bibi. "Woi, Nyasae, Mungu wangu! Mtoto gani? Mimi niko nao saba!"

Darasa likavunjika kwa kicheko. Persis naye alicheka mpaka akaegemea ubao. Sijamwona akicheka hivyo dukani hata siku moja.

"Usikate simu, mama. Na usimwambie mtu yeyote." Akashusha kifutio. "Hapo. Nimesema nini hapo?"

"Usimwambie mtu!"

"Mtu akitaka habari ikae kwake yeye tu, isitoke, mnajiuliza nini?"

"Anafaidika nini!" wakajibu wote.

Nilikuwa pale dirishani na waya wangu mkononi.

Nikamtafuta Eric kwa macho. Alikuwa dawati la nyuma kabisa, amekaa na wanafunzi, magoti yamemshinda kuingia chini ya meza, anaandika. Akanyoosha mkono kama mtoto. "Madam, na kama simu inaonyesha jina la mtu unayemjua?" Valentine akageuka akamwambia kwa heshima lakini bila kumwonea huruma, "Mwalimu, hiyo tulisoma juzi na hukuwepo." Wakacheka tena, na Eric akacheka nao. Kumbe lifti za pikipiki zilikuwa ni za mwanafunzi kwa mwalimu wake.

Niliteremka na waya wangu. Ningemkuta na mwanamume, dada, ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningewaita wazee wa kanisa, ningekuandikia barua nyingine kabisa. Nilimkuta na furaha yake, na furaha ya mtu unaifukuza kwa fimbo gani?

Ijumaa tunafunga mapema kwa ajili ya Sabato. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipiga rangi viatu vya Natasha vya kanisani. Nikasimama. Nikasema yote kwa pamoja, Jumanne, yule mwanamke, Nakuru, Ijumaa jioni. Nikamwambia jua halijazama, akipiga sasa atawapata.

Hakuinua kichwa. Alimaliza kiatu kimoja, akakiweka juani, akachukua cha pili.

"Walinitumia barua pepe Jumanne hiyo hiyo," akasema. "Nimefundisha watoto mia kufungua barua pepe, Mokua. Ulidhani yangu siifungui?"

"Kwa hiyo ulijua."

"Nimekuuliza kila jioni."

"Umewajibu?"

"Jumatano. Nimewaambia naenda." Sasa akanitazama. "Nilikuwa nangoja nijue kama nitakuwa naaga mume wangu au namtoroka."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Sabato hiyo aliimba kwenye kwaya, na unajua kutoka kwenye safu yao mtu hutuona sote, lakini macho yake yalikaa kwenye saa ya ukutani mpaka ibada ikaisha. Nyumbani alinijibu nilipomsemesha, kwa upole, kama anavyowajibu wateja. Wiki nzima nilikuwa mteja.

Kabla hajasafiri, Bi. Ruth alikuja dukani. Alitaka mtu wa kushika darasa wiki hizo mbili, na Eric alikuwa na vipindi vyake. Akauliza, Persis akiwa pale pale, "Na Bwana Mokua je?"

Persis akajibu kabla yangu. "Mokua anajua kompyuta sana. Lakini hana subira."

Alisema kweli, na alisema mbele ya mgeni. Nikasema nitakwenda. Nilikwenda kwa hasira, sitakudanganya. Nilitaka arudi akute watoto wananiimba mimi.

Siku ya kwanza nilijidhalilisha. Nilianza kwa kusema mambo makubwa ambayo hawakuyauliza. Kisha mvulana mmoja akakwama, nikamfikia, nikachukua kipanya mkononi mwake, tap tap tap, nikamaliza. Nikafanya hivyo kwa wa pili. Kwa wa tatu, Valentine akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Madam huwa hashiki kipanya chetu."

"Hufanya nini sasa?"

"Hungoja."

Niliona wakibana vicheko. Nikatia mikono mfukoni, na huko ikakaa. Hakuna kazi ngumu niliyowahi kufanya kama ile, kusimama nyuma ya mtoto anayetafuta herufi huku mimi naiona. Jasho lilinitoka kwenye baridi ya vilima vya chai. Eric, kule nyuma, alinihurumia, akaniambia baada ya kipindi kwamba yeye pia ilimchukua muda.

Persis alikuwa akipiga simu jioni. Kwanza anamtaka Natasha, wanaongea mpaka naanza kusafisha meza. Kisha mimi. "Darasa?" "Salama." "Wanaelewa?" "Wanaelewa." Basi. Nyuma yake nilisikia sauti za walimu wakicheka, na wivu ukanishika upya, sasa wa Nakuru nzima.

Wiki ya pili ndipo nikakumbuka kilicho changu. Pembeni mwa chumba kulikuwa na kompyuta zilizokufa, zimewekwa sakafuni zikiwa zimefunikwa gunia. Nikainua moja mezani, nikawaambia wasogee. Nikafungua skrubu, nikatoa ubavu wake. Hawakuwahi kuona ndani. Waliinama kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Nikawaonyesha moyo uko wapi, feni inapuliza nini, na kale kabao kembamba ka RAM, ambamo mashine huweka mambo inayoyafikiria kwa sasa. Nikamwambia Valentine akatoe, asugue yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akarudishe. Mikono yangu ilikuwa mfukoni, dada. Alisugua ulimi ukiwa nje. Tukawasha. Ikalia mlio mmoja mfupi, skrini ikapata mwanga.

Kelele waliyopiga ilimtoa Bi. Ruth ofisini. Tangu siku hiyo walikuwa wakinisubiri mlangoni.

Persis alirudi siku ya Ijumaa. Sikumtarajia shuleni, nilijua atashukia nyumbani kwanza. Lakini alikuja moja kwa moja na begi lake, akasimama mlangoni pa darasa. Watoto walipomwona walipiga kelele ya "Madam!" wakamzunguka, na mimi nikasema moyoni, haya, imekwisha.

Valentine peke yake hakuondoka mezani. Alikuwa ameifungua mashine ya pili, ana waya mkononi, amezama. Bila kugeuka akaita, "Mwalimu Mokua, njoo kidogo. Huu wa bluu unaingia wapi?"

Nilimtazama Persis. Lilipita usoni mwake jambo fulani, likapita upesi, mdomo ukakaza kidogo na macho yakaenda kwa Valentine yakarudi kwangu. Mtu mwingine asingeliona. Mimi nililijua, nimeishi nalo mwaka mzima na zaidi. Na Mungu anisamehe, nilifurahi. Ningeweza kumwambia yule mtoto, muulize Madam, Madam amefika. Sikusema. Nilikwenda pale mezani na nikajibu swali lake, nikalijibu kwa kirefu, na mifano, kirefu kuliko lilivyohitaji. Ndipo nikaketi.

Tuliteremka nyumbani kwa miguu, yeye mbele na mimi nyuma na begi, maana ile njia ya katikati ya chai ni nyembamba. Akanieleza kidogo kuhusu Nakuru. Kila Jumatano atakuwa akienda shule nyingine kuwafundisha walimu, na Bi. Ruth ameshauliza kama siku hiyo nitashika darasa. Nikasema nitashika. Tukatembea. Wachumaji walikuwa wakipima majani yao, wakamsalimia, "Madam, karibu tena," naye akaitikia.

Tulipofika penye mteremko akasema bila kugeuka, "Tangu lini Valentine anakuita namna ile?"

"Tangu tulipofungua ile mashine."

Akaendelea kuteremka.

"Sikupenda," akasema.

"Najua," nikamwambia.

Akasimama, akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa ya viatu akanitazama kama mtu anayemtazama mtu wake. Akaanza kucheka, nami nikacheka, tumesimama pale njiani na begi chini, mpaka mchumaji mmoja akauliza kwa Ekegusii kama tumeshinda bahati nasibu.

Sijui kama wivu umeniisha, dada, sidhani. Jumatano ijayo nitakwenda na mashine ya tatu, na tayari nafikiria watakavyonipokea. Niombee. Na tafadhali ukiongea na wifi yako kwa simu usimwambie nimekuandikia haya. Mwache asikie kwamba umepata salamu tu.

Msalimie sana shemeji na umwambie kahawa aliyonitumia na Bosire iliisha zamani. Wanao wote, nawabusu vichwani. Mama anakusalimu na anauliza utakuja lini, maana anasema sauti yako ya kwenye simu imenenepa na anataka kujua kama na mwili ni hivyo. Natasha anasema "thalamu", Persis pia anakusalimu, yuko hapa chumba cha pili anapanga vipindi.

Mungu aliyetupitisha kwenye mvua ya mawe akupe afya, nyumba yako isikose amani wala chumvi, na akuonyeshe tena vilima vya kwetu ukiwa na nguvu za kuvipanda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Mokua